Mnunuzi wa Mali ya Wizi Akataliwe: Wito kwa Wakazi wa Nairobi

Wizi wa madukani, yaani uchukuaji wa bidhaa kutoka kwenye rafu au ghala la mfanyabiashara bila malipo, hunoga pale tu bidhaa hiyo inapopata mnunuzi, na ndiyo maana wito huu unawaendea wakazi wa Nairobi kabla ya kuwaendea polisi au serikali ya kaunti. Tarehe 25 Juni 2025, siku ya kuwakumbuka waliouawa katika maandamano ya mwaka uliotangulia dhidi ya Mswada wa Fedha wa 2024, maduka mengi ya katikati ya jiji yalivunjwa na kuporwa. Waandamanaji walikuwa wakitumia haki wanayopewa na Kifungu cha 37 cha Katiba, na kuwaweka kapu moja na waporaji ni kuwadhulumu. Hata hivyo, mali iliyoporwa haikumezwa na ardhi. Ile isiyobaki mikononi mwa aliyeibeba ilitafutiwa wateja, na mteja wa mali ya namna hiyo mara nyingi ni mtu mwenye heshima zake, asiyeweza kuvunja kufuli hata moja.

Anayeumia kwanza ni mwuzaji mdogo, aliyechukua mzigo kwa mkopo na kupanga kibanda ndani ya jengo la ghorofa kwa kodi ya kila mwezi. Bima ya kawaida ya moto na wizi kwa desturi haigusi hasara itokanayo na ghasia za kisiasa, kwa kuwa kinga ya ghasia hizo hununuliwa kando kwa malipo ya ziada ambayo wengi wa wauzaji hao hawayamudu. Mtaa nao hubadilika taratibu. Katika mitaa mingi ya Eastlands duka ni grili, yaani dirisha la vyuma ambalo mteja husimama nje yake na kuagiza kwa sauti, bila kushika bidhaa, bila kusoma tarehe ya mwisho ya matumizi na bila kulinganisha bei. Na pale duka lenye rafu linapofungwa, familia iliyokuwa ikinunua mafuta ya lita nzima huangukia kadogo, yaani ununuzi wa vipimo vidogo vidogo ambao kwa hesabu ya lita huwa ghali zaidi. Kwa hiyo aliyenunua sufuria ya wizi kwa bei ya kutupa huirudisha akiba yake yote dirishani, kijiko kwa kijiko, pengine bila kujua.

Ukweli wa upande wa pili nao hauna budi kusemwa, kwa sababu wizi umekuwa kisingizio kizuri mno. Kampuni ya maduka makubwa ya Nakumatt, iliyokuwa na matawi zaidi ya 60 Afrika Mashariki, iliangushwa na madeni yaliyozidi shilingi bilioni 30, hadi wadai wake wakapiga kura ya kuifilisi Januari 2020. Tuskys nayo ilifuata ikiwa imeshindwa kuwalipa waliokuwa wakiiletea bidhaa. Nchini Marekani, chama cha wauzaji wa rejareja, National Retail Federation, kililazimika Desemba 2023 kuondoa dai lake kwamba karibu nusu ya upotevu wa bidhaa wa dola bilioni 94.5 ulitokana na magenge ya wizi. Duka likifungwa, basi, wakazi wana haki ya kuuliza vitabu vya hesabu vinasema nini.

Hilo halimpunguzii mnunuzi mzigo wake. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinamtambua anayepokea mali akijua au akiwa na sababu ya kuamini kuwa ni ya wizi kuwa mhalifu anayeweza kufungwa hadi miaka 14, lakini sheria hiyo haiwezi kuingia kila nyumba, na mahali isipofika ndipo penye kazi ya chama, baraza, kikundi cha wapangaji na kamati ya usalama wa mtaa ya Nyumba Kumi. Vyama na viazimie waziwazi kwamba mwanachama hatanunua kitu kipya kisicho na risiti. Kwa simu, mnunuzi na abonyeze *#06#, aisome namba ya tarakimu 15 inayojitokeza, kisha ailinganishe na iliyoandikwa kwenye risiti na boksi; zisipolingana, aondoke. Ni hatua ndogo, lakini ikifanywa na mtaa mzima mwizi hubaki na mzigo usiouzika.

Kuna jambo moja lisilokubalika hata kidogo, nalo ni kumpiga mshukiwa au kumvisha tairi na kumchoma. Umati unaoua kwa ajili ya mkate au simu hautetei duka lolote, na mara nyingi umemwua asiyehusika. Mshukiwa na azuiwe bila kuumizwa, polisi waitwe kwa 999 au 112, na mashahidi wakubali kwenda mahakamani, jambo ambalo wengi hulikwepa.

Kwa upande wao, waandaaji wa maandamano yajayo na wenye maduka ya barabara zitakazopitiwa na wakutane siku chache kabla ya msafara, wakubaliane ni vijana gani watakaosimama karibu na milango ipi, watavaa alama gani ya kuwatambulisha, na nani atakayepokea simu kufuli la kwanza litakapoguswa.