Kamari: Tutazame Hesabu, Si Taa

Barabara kuu itokayo Kahama kuelekea Lusahunga, na kutoka huko hadi mipaka ya Rwanda na Burundi, hupita Ushirombo, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe. Hupita humo madereva wa malori, wanunuzi wa dhahabu, wachimbaji wadogo wenye fedha za siku moja, na watumishi wa serikali waendao kazini au likizoni. Penye fedha za haraka na watu walio mbali na nyumbani, kamari haikosi kubisha hodi. Kwa hiyo haitoshi kumwambia mgeni asicheze na kuishia hapo. Yampasa pia aelezwe jinsi ya kupima mahali anapoalikwa kuingia.

Jambo la kwanza la kueleweka ni kwamba hakuna nyumba ya kamari inayoendeshwa ili mwenyewe apate hasara. Kila moja huchukua sehemu yake. Zinachotofautiana ni ukubwa wa sehemu hiyo, na kama mchezaji anaweza kuiona.

Tuchukue mfano wa ruleti, lile gurudumu la namba lililomo katika kasino za miji mikubwa. Gurudumu la aina moja lina namba 1 hadi 36 na sifuri moja, jumla nafasi 37. La aina ya pili limeongezwa sifuri nyingine, jumla nafasi 38. Yote mawili humlipa aliyeotea namba malipo yale yale, yaani mara 35 ya alichoweka, pamoja na kurudishiwa fedha yake. Tuseme mtu ameweka shilingi 1,000 juu ya kila nafasi. Katika gurudumu la kwanza atatoa 37,000 na kurudishiwa 36,000, amepoteza 1,000. Katika la pili atatoa 38,000 na kurudishiwa 36,000 zile zile, amepoteza 2,000. Taa ni zile zile, muziki ni ule ule, lakini nyumba ya pili inakamua karibu mara mbili. Hesabu hii mwanafunzi wa shule ya msingi anaiweza, ila wakubwa wengi hawaifanyi.

Sasa tuilinganishe na mashine ya sarafu, ambayo wananchi wameibatiza jina la dubwi, na ambayo huwekwa kando ya duka au baa. Hapa hakuna cha kuhesabu. Kiwango cha kushinda kimepangwa ndani ya mashine, wala mchezaji hakioni. Anachokiona ni udogo wa sarafu ya shilingi 200, na huo ndio mtego wenyewe. Mchezo mmoja huisha kwa sekunde chache. Sarafu 50 tu ni shilingi 10,000, na mtu hata hajamaliza soda yake.

Ubaya wa pili ni mkubwa zaidi. Kasino ina mlango na mlinzi, lakini dubwi la dukani liko kwenye kimo cha mtoto aliyetumwa chumvi. Mchezo wa kubahatisha ni marufuku kwa mtu aliye chini ya miaka 18, na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliweka Bodi ya kutoa leseni na kusimamia shughuli hizi. Sheria hiyo haina macho ila yetu. Mwalimu anayemwona mwanafunzi wake mbele ya mashine, na ofisa wa kata anayeipita kila asubuhi bila kuuliza leseni, wote wawili wanashiriki katika kosa hilo kwa ukimya wao.

Kwa hiyo basi, mgeni aliyeamua kucheza achague penye leseni iliyobandikwa wazi, penye gurudumu la sifuri moja, na penye kanuni za malipo zinazosomeka. Aingie na kiasi alichokwisha kukihesabu kuwa kimetumika, kama vile kiingilio cha mpira. Asikope, wala asirudi kufuata kilichopotea, kwa maana gurudumu halikumbuki lilimnyang'anya nani. Na asipoona leseni wala kanuni, apite njia yake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mshahara wa mwalimu ni mali ya watoto wake pia, na sarafu ya mtoto ni daftari lake. Tuvilinde vyote viwili.