Utando wa Kauri Juu ya Gari: Tuusome kwa Vipimo, Si kwa Jina

Katika miaka ya karibuni limezuka miongoni mwa wenye magari wa Dar es Salaam, na wa miji yetu mingine, neno jipya: "seramiki". Mtu akinunua gari lililokwisha kutumika Japani, kabla hajalizoea vizuri huambiwa na jamaa zake kwamba hapana budi alipake seramiki. Huahidiwa kwamba baada ya hapo rangi haitakwaruzika wala kuchunika, kwamba kutu haitaingia, na kwamba mvua peke yake itatosha kuliosha gari. Akiona gharama ya gereji imemzidi, huagiza chupa ndogo ya dawa hiyo na kuipaka mwenyewe nyumbani.

Mimi si mpinzani wa jambo hili. Gari langu nimelipaka kwa mikono yangu mwenyewe, chini ya banda la mabati lililo nyuma ya nyumba, na ninaridhika nalo. Nilifanya pia kosa langu: kwenye boneti yamebaki madoa mawili ya kijivu yanayonikumbusha kila asubuhi kwamba shahada ya kemia haichukui nafasi ya kusoma maelekezo. Ninachokipinga ni imani isiyo na vipimo inayoizunguka dawa hii. Jina "kauri" limewafanya watu wadhani kwamba wamenunua ngao. Anayedhani kuwa amenunua ngao hupuuza mambo mawili yaliyo makubwa kuliko dawa yenyewe: usafishaji unaotangulia, na mvuke anaouvuta wakati wa kupaka.

Utando huu ni nini hasa?

Kauri tunayoifahamu, ile ya vikombe, ni udongo uliochomwa tanuruni kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,200 za Sentigredi. Ni dhahiri kwamba hakuna awezaye kulitia gari lake tanuruni. Kilichomo ndani ya chupa ni michanganyiko ya elementi ya silikoni iliyoyeyushwa katika kimiminika kirukacho upesi. Kikisha kupakwa, kimiminika hicho huruka, na molekuli zinazobaki huathiriana na unyevu wa hewa, zikaanza kushikana: silikoni na oksijeni, oksijeni na silikoni, mpaka ukafanyika wavu mmoja. Kifungo hicho hicho cha silikoni na oksijeni ndicho kilichomo katika mchanga na katika kioo, na huo ndio ukweli uliomo katika jina la kauri. Lakini katika utando huu atomi nyingi za silikoni zimebeba pia vikundi vya kaboni na haidrojeni, navyo ndivyo vinavyoyakataa maji. Kwa hiyo utando huu si kioo kamili wala si plastiki kamili. Uko baina ya hivyo viwili.

Elimu hii si ngeni. Mwingereza Frederic Kipping, aliyefundisha Nottingham, aliichunguza michanganyiko ya silikoni na kaboni kwa miaka mingi mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1940 Mmarekani Eugene Rochow aligundua njia ya kuitengeneza malighafi yake kwa wingi, na tangu hapo viwanda vimetuletea kutokana nayo vitu chungu nzima.

Faida zake ni za kweli. Kifungo cha silikoni na oksijeni ni imara kuliko kile cha kaboni na kaboni, na kwa sababu hiyo utando huvumilia jua na sabuni kwa muda mrefu kuliko nta ya kawaida. Maji hujikusanya kuwa matone na kuteremka. Vumbi na kinyesi cha ndege havishiki sana, mradi vioshwe mapema.

Hesabu ya chupa moja

Sasa tuchukue penseli na karatasi. Sehemu iliyopakwa rangi katika gari dogo ina ukubwa wa takriban mita 10 za mraba. Chupa inayouzwa kwa kawaida ina mililita 30. Hata kama dawa yote ingebaki juu ya gari pasipo tone moja kupotea, unene wa utando ungekuwa maikroni 3, yaani sehemu 3 katika elfu ya milimita. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa huruka hewani, na nyingine hubaki katika kitambaa. Kinachosalia juu ya rangi ni kama maikroni 1, au pungufu. Tabaka angavu la juu kabisa ambalo gari hutoka nalo kiwandani lina unene wa maikroni 40 hivi, na unywele wa binadamu ni kama maikroni 70.

Kutokana na hesabu hiyo msomaji atajiamulia mwenyewe. Utando wa maikroni 1 hauwezi kuzuia jiwe lililorushwa na tairi la lori. Hauwezi kufufua tabaka angavu ambalo limekwisha kuanza kuchunika kwenye paa na boneti kwa sababu ya jua. Gari la namna hiyo linahitaji kupakwa rangi upya. Wala hauwezi kuizuia kutu, ambayo kwa kawaida huanzia pale chuma kilipo wazi: chini ya gari, ndani ya milango, na katika kingo za mabati. Kwa sisi tunaoishi pwani, penye hewa ya chumvi, kuosha chini ya gari mara kwa mara kuna manufaa zaidi kwa chuma kuliko chupa yoyote ya kung'arisha juu.

Tisa ipi?

Katika chupa nyingi pameandikwa "9H", na wauzaji hutumia alama hiyo kama ushahidi wa ugumu usio na kifani. Wengi hudhani kuwa hiyo ni tisa ya kipimo cha Mohs, mtaalamu wa Kijerumani aliyeyapanga madini kwa ugumu mwaka 1812, yaani tisa ya yakuti kama ile ichimbwayo Longido. Sivyo hata kidogo. Herufi H hapa ni ile ile iliyoandikwa katika penseli za kuchorea ramani. Mpimaji hushikilia penseli kwa mshazari juu ya rangi, huikandamiza kwa uzito maalumu, kisha huisukuma na kutazama kama imeacha mkwaruzo. Penseli ya 9H ndiyo ngumu kuliko zote katika mpango huo. Kusema kwamba utando umefikia 9H maana yake ni kwamba penseli haikuukwaruza, basi.

Penseli ni mchanganyiko wa grafiti na udongo. Mchanga wa barabara zetu umejaa madini ya kwatzi, ambayo katika kipimo cha Mohs ni 7, na ni magumu kuliko penseli yoyote. Kwa hiyo kijana anayelisugua gari lenye utando kwa tambara lenye mchanga ataukwaruza utando huo, na rangi iliyo chini yake pia. Kipimo hakikudanganya, anayekisoma ndiye hakuelezwa.

Kupaka nyumbani

Kazi hii yaweza kufanywa na mtu yeyote aliye mwangalifu. Robo tatu yake ni usafi. Kwanza gari lioshwe kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia sponji, ili mchanga usirudishwe juu ya rangi. Kisha chembe zilizoganda zitolewe kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, ukiteleza juu ya maji ya sabuni. Baadaye mikwaruzo midogo isawazishwe kwa polishi, kwa maana kila kilichopo chini ya utando kitaonekana muda wote utakaodumu. Mwisho mafuta ya polishi yaondolewe kwa kufuta na spiriti ya isopropili. Anayeruka hatua hii hupaka utando juu ya mafuta, na utando hauwezi kushika rangi usiyoigusa.

Ndipo dawa ipakwe, kivulini, asubuhi, bati likiwa la baridi. Matone machache yawekwe kwenye kipande cha sponji, pakwe eneo dogo lisilozidi nusu mita kwa nusu mita, halafu mpakaji angoje mpaka uso uanze kuonyesha rangi za upinde wa mvua, na hapo afute mara moja kwa kitambaa laini kikavu. Maelekezo mengi huandikwa katika nchi zenye hali ya hewa ya baridi. Kwetu sisi, kwa joto na unyevu wa Dar es Salaam, muda wa kungoja hupungua sana. Mimi niliamini dakika zilizoandikwa, nikachelewa, na hayo ndiyo madoa yangu mawili. Utando ukikauka vibaya hautoki kwa sabuni. Hutoka kwa kusuguliwa na polishi tu.

Hata baada ya kupaka, maji yaangaliwe. Wengi wetu huosha magari kwa maji ya kisima, ambayo pwani huwa na chumvi na chokaa nyingi. Utando huyafanya maji hayo kuwa matone, na kila tone likikaushwa na jua huacha duara la chumvi. Kwa hiyo gari lenye utando halijioshi. Ndilo linalohitaji kukaushwa kwa kitambaa kila lioshwapo.

Mapafu ya mpakaji

Nimeliacha mwisho jambo linalonisumbua zaidi. Nimewaona vijana wakiipaka dawa hii kutwa nzima ndani ya chumba kilichofungwa ili vumbi lisiingie, bila kinga ya aina yoyote, au wakiwa wamefunga leso puani. Leso huzuia vumbi, haizuii mvuke. Viyeyusho vilivyomo vyaweza kuumiza kichwa na koo, na hushika moto kwa urahisi. Baadhi ya michanganyiko hii hutoa amonia inapokutana na unyevu.

Hatari huzidi pale dawa za jamii hii zinapopulizwa. Machi 2006, nchini Ujerumani, watu wapatao mia moja walipata matatizo ya kupumua baada ya kutumia dawa ya kopo ya kupuliza, iliyokusudiwa kuvikinga vioo na vigae vya bafuni dhidi ya uchafu. Baadhi yao walilazwa hospitalini kwa sababu ya maji katika mapafu. Dawa hiyo iliuzwa kwa jina la "nano", lakini uchunguzi haukukuta humo chembe zozote za nano. Jina lilikuwa la biashara. Madhara yalikuwa ya kweli.

Kwa hiyo dawa ipakwe kwa mkono, isipulizwe. Ipakwe penye paa lakini pasipo kuta, mpakaji akivaa glavu na barakoa yenye vichujio vya mvuke. Vitambaa vilivyotumika visirudiwe, kwa kuwa hukauka vikawa vigumu na kukwaruza. Vitandazwe nje vikauke mbali na jiko, kisha vitupwe.

Hitimisho

Ninashauri mambo mawili. Kwanza, mamlaka zetu za viwango zitake kila chupa ya namna hii inayoingia nchini iandikwe kwa Kiswahili kuna nini ndani yake, unene wa utando unaotazamiwa, kipimo cha ugumu kwa jina lake kamili, na kinga anayopaswa kuvaa mpakaji. Pili, sisi walimu wa sayansi tuitumie chupa hii darasani. Mwanafunzi akiweza kugawa mililita 30 kwa mita 10 za mraba, na kueleza penseli ina uhusiano gani na mchanga, hatakubali kuuziwa utando kwa bei ya ngao. Naye kijana aliyejiajiri kwa kazi hii, akijua kilichomo katika mvuke anaouvuta, ataubomoa ukuta mmoja wa chumba chake kabla ya kumpokea mteja mwingine.