Kisomo kikisha, nani anakaa na kizuka?



Kwenye maziko sisi watu wa visiwani hatujambo. Habari ikishatoka tu, mikeka imetandikwa, masufuria yameazimwa, na jirani ambaye hamsemezani naye miezi sita yumo uani anamenya vitunguu. Siku tatu nyumba haina pa kutia mguu. Kisomo kikisha, mikeka inakunjwa, kila mtu anashika njia yake, na kizuka anabakishwa na miezi minne na siku saba za eda mbele yake.

Mimi naona hapo ndipo tunapokosea. Siku ya kwanza mfiwa hata hajui nani kampa mkono. Anachotaka ni kulala na kuletewa chakula. Na hilo ni sunna: Jaafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Muta, Mtume (S.A.W.) aliagiza watu wa nyumbani kwake wapikiwe, kwa kuwa wamefikwa na la kuwashughulisha. Wapikiwe, jamani. Si wao wakope mchele kutulisha sisi tuliokuja kuhani!

Uzito wenyewe unakuja baadaye. Wiki ya tatu mtoto anauliza baba anarudi lini. Wiki ya sita skuli inataka pesa. Kuna kwenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kwa ajili ya mirathi, na mashemeji washaanza kuhesabu vyombo, naye hata hajui kwamba fungu lake ni thumuni kama marehemu kaacha watoto, na robo kama hakuacha. Usiku halali. Mchana hana wa kumwambia, maana sote tushaamini kwamba kizuka ni mtu wa kuachwa peke yake na tasbihi yake.

Nani katwambia hivyo? Mujahid, mwanafunzi wa Ibn Abbas, amepokea kwamba baada ya Uhud, vita vilivyoondoka na mashahidi sabini, wajane walimwendea Mtume wakamshitakia upweke wa usiku. Akawapa ruhusa wakusanyike kwa mmoja wao wazungumze mpaka usingizi uwashike, kisha kila mmoja akalale nyumbani kwake. Wafiwa kwa wafiwa, wakisemezana. Leo watu wanalipia kukaa kikao kama hicho na mshauri nasaha, na sisi tulikuwa nacho tangu mwaka wa 3 Hijria.

Eda inamkataza mwanamke mapambo, manukato, kuposwa waziwazi na kulala nje ya nyumba yake. Haimkatazi kusema. Chumba cha giza na kutojitazama kwenye kioo ni mila zetu. Maulamaa wengi wameruhusu atoke mchana kwa haja yake, na matibabu ni haja. Kama moyo una wasiwasi, muulize sheikh au ustadhati unayemwamini kabla hujamfungia mwenzako mlango.

Lakini ukitaja ushauri nasaha au daktari, mtu anawaza Kidongo Chekundu, na kabla ya Magharibi mtaa mzima unasema fulani kapanda wazimu. Wengine watamwambia imani yake haba. Mtume alilia alipofariki mwanawe Ibrahim, nani atamwambia yeye hana subira? Mtu akivunjika mguu tunamwombea dua na tunampeleka kwa daktari vilevile.

Kwa hiyo mtazameni. Kulia si ugonjwa, hata baada ya miezi. Lakini akiwa wiki kadhaa hali, halali, hamwogeshi mtoto, au anasema heri angemfuata bwana wake, msingoje eda imalizike. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake. Kama hali si ya haraka ila kutoka kunamtia uzito, mshauri mwanamke anaweza kuja nyumbani, au wakazungumza kwa simu.

Na nyinyi mabibi harusi, najua hamkuja hapa kusoma habari za misiba. Ila somo wako atakufunza mengi kuhusu kuishi na mume, na hili hatalitia mdomoni kwa kuogopa mkosi. Chagua mapema shoga mmoja wa kweli, na mwahidiane kwamba likimfika mmoja wenu, mwenziwe atakuja mwezi wa pili na wa tatu, watu wote wakishasahau.

Kama mtaani kwenu yupo kizuka sasa hivi, gawaneni siku. Mmoja Jumatatu, mwengine Alkhamisi, kila mtu na kibakuli chake cha uji. Ukifika, usimwambie ajikaze. Mtaje marehemu kwa jina lake, kisha nyamaza umsikilize, hata akirudia hadithi ileile mara ya tano.