NAFUU YA KODI YA HITA YA MAJI SI SADAKA: DAI HAKI YAKO, USIZIDISHE



Ndugu wasomaji, kuna maneno yamezoeleka katika majumba ya jamaa zetu walioko Marekani, na kila yanaporudiwa yanaigharimu familia mamia ya dola. Maneno yenyewe ni haya: "Achana nayo, pesa ya serikali ina mambo." Mtu kaweka hita mpya ya maji nyumbani kwake, katumia dola elfu nne, sheria ya nchi anayoishi inasema apunguziwe kodi, naye anaambiwa aache. Mwingine anaambiwa kudai ni kuombaomba. Wa tatu anatishwa kwamba akidai atachunguzwa. Na mara nyingi anayetoa nasaha hiyo hajawahi hata kuiona hiyo fomu kwa macho yake.

Tunaipinga nasaha hiyo. Tunaipinga pia nasaha ya upande wa pili, ya yule anayesema, "Jaza tu, nani atajua?" Nasaha zote mbili zinatoka chungu kimoja, nacho ni kutojua kwamba nafuu hii ni haki yenye mipaka. Haki haiachwi kwa haya, wala haichotwi kwa hila.

KWANZA TUIJUE YENYEWE

Ndugu zetu wengi waliotoka Somalia, Burundi na Kongo wakahamia Marekani wanaishi katika majimbo yenye baridi kali, kama Minnesota, Maine na Ohio. Huko maji ya moto si anasa. Watoto wanaoga kabla ya kwenda shule, mama anaosha vyombo, na nyumba nzima inatawadha Alfajiri ya mwezi wa Januari. Kwa mujibu wa Wizara ya Nishati ya Marekani, kupasha maji huchukua kiasi cha asilimia 18 ya nishati yote inayotumika nyumbani.

Hita ya kawaida ya umeme hupasha maji kwa waya unaopata moto ndani ya tangi. Ipo aina nyingine, hita ya pampu ya joto, ambayo hufanya kazi kama friji iliyogeuzwa. Friji hutoa joto ndani yake na kulitupa nje. Hita hii hulichukua joto lililomo katika hewa ya karibu na kuliingiza kwenye maji. Kwa kuwa inahamisha joto badala ya kulizalisha, ufanisi wake ni mara mbili hadi tatu ya ile ya kawaida, na bili ya umeme inashuka. Tatizo ni bei, kwani kuinunua na kuifunga ni ghali zaidi. Hapo ndipo nafuu ya kodi ilipoingia.

Nafuu hii si jambo la jana. Ilianza na sheria ya nishati ya mwaka 2005, ikatumika kuanzia 2006, na kwa hita ya maji kikomo kilikuwa dola 300. Ikasimama, ikarudi, ikapanda, ikashuka, kadiri mabunge yalivyobadilika. Mwezi Agosti 2022 Rais Biden alitia saini sheria iliyoipandisha sana. Kuanzia tarehe 1 Januari 2023, aliyeweka hita ya pampu ya joto inayotimiza viwango aliruhusiwa asilimia 30 ya gharama, pamoja na malipo ya fundi, hadi dola 2,000 kwa mwaka. Hita ya gesi iliyotimiza masharti ilikuwa na kikomo cha dola 600. Kisha tarehe 4 Julai 2025 Rais Trump akatia saini sheria ya kuifunga. Hita iliyofungwa baada ya tarehe 31 Desemba 2025 haina nafuu hii.

Kwa hiyo mlango umefungwa kwa hita mpya. Lakini aliyefungiwa hita yake mwaka 2023, 2024 au 2025 haki yake haikufutwa, na ndiye tunayesema naye leo.

"NI SADAKA YA SERIKALI"

Hebu tuitazame hoja hii kwa makini. Sadaka hupewa asiye nacho. Jee, nafuu hii inampa asiye nacho? Hata kidogo! Sheria inasema nafuu hii haiwezi kuzidi kodi unayodaiwa. Kama kodi yako ya mwaka ni dola 900, hupati zaidi ya 900. Kama kodi yako ni sifuri, unapata sifuri. Basi vipi iitwe sadaka kitu ambacho maskini kabisa hawezi kukipata? Hii ni pesa uliyoichuma kwa jasho lako kiwandani, hospitalini au nyuma ya usukani wa lori, na sheria inasema sehemu yake isichukuliwe, kwa sababu umefanya jambo ambalo nchi ilitaka lifanywe.

Na mnajua ni nani asiyeona haya kuidai? Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Severin Borenstein na Lucas Davis, walichapisha mwaka 2016 uchunguzi wao juu ya nafuu za kodi za nishati safi tangu 2006, zikiwemo hizi za nyumba pamoja na za umeme wa jua na magari ya umeme. Waligawa walipa kodi katika mafungu matano kwa kipato. Fungu la juu kabisa lilichukua kiasi cha asilimia 60 ya nafuu zote. Mafungu matatu ya chini, yaani watu watatu katika kila watano, waliambulia kiasi cha asilimia 10 tu. Daktari na mwanasheria mwenye nyumba kubwa hakuambiwa na mtu kwamba anaombaomba. Mhasibu wake alimjazia fomu, akatia saini, akaendelea na shughuli zake. Sisi ndio tunaoambizana tuache!

"UTACHUNGUZWA" NA "MUDA UMEPITA"

Anayeogopa kuchunguzwa ajiulize anaogopa nini ikiwa anasema kweli. Fomu yenyewe ni namba 5695, inayoambatanishwa na ritani ya kodi ya mwaka ambao hita ilifungwa. Angalia vizuri: ni mwaka wa kufungwa, si mwaka wa kununua. Weka risiti ya hita, risiti ya fundi, na karatasi ya mtengenezaji inayothibitisha kwamba aina hiyo imetimiza viwango. Kwa hita zilizofungwa mwaka 2025 inatakiwa pia kuandikwa alama ya mtengenezaji yenye herufi na tarakimu nne. Mwenye karatasi hizo akiulizwa atajibu kwa utulivu.

Wengine wanasema, "Mimi kila mwaka narudishiwa pesa, basi sina kodi." Hapa wengi wanapotea. Kurudishiwa pesa kunaweza kumaanisha tu kwamba mwajiri alikukata kwenye mshahara kuliko ilivyopasa. Huenda kodi yako halisi ilikuwa dola 1,500 na ukakatwa 2,400, ndiyo maana ukarudishiwa 900. Usitazame hundi uliyopokea, tazama mstari wa kodi katika ritani.

Na aliyekwisha kupeleka ritani bila kudai? Sheria imempa njia ya kuirekebisha kwa fomu namba 1040-X. Muda wa kawaida ni miaka mitatu tangu kupeleka ritani, na aliyepeleka mapema huhesabiwa kuanzia tarehe ya mwisho ya kupeleka. Aliyefungiwa hita mwaka 2023 na kupeleka ritani yake kwa wakati, ana hadi tarehe 15 Aprili 2027. Kwa hiyo anayekwambia muda umepita, mwombe akuonyeshe tarehe.

SASA TUWAGEUKIE WANAOZIDISHA

Ndugu zangu, haki hii ina masharti, na anayeyavunja hadai haki bali anaiba, hata kama jirani wote wanafanya hivyo. Kodi ni hesabu unayoitolea kauli na kutia saini kwamba ni ya kweli. Muislamu anajua uzito wa saini kama hiyo.

1. Nyumba iwe unaishi wewe. Mwenye nyumba anayepangisha na haishi humo hana nafuu hii kwa hita ya wapangaji wake.

2. Hita iwe mpya. Iliyotolewa kwa jamaa ikafungwa kwako haihesabiwi.

3. Kampuni ya umeme ikikupa punguzo kwa ajili ya kununua hita hiyo, punguzo hilo linatolewa kwanza kwenye gharama, ndipo asilimia 30 ihesabiwe.

4. Riba uliyolipa kwa mkopo wa hita haiingii katika gharama. Aliyeingia katika riba kwa kuahidiwa kwamba "serikali itafidia" amepotezwa mara mbili.

5. Hita iliyolipiwa Desemba 2025 na kufungwa Januari 2026 haimo. Kumwomba fundi arudishe tarehe nyuma kwenye risiti ni kughushi, hakuna jina jingine.

Yupo pia mjaza fomu anayekaa dukani na kuwaambia watu, "Nipe asilimia ya kitakachorudi, nitakutafutia hita." Anawaandikia hita watu ambao hawajawahi kununua hata birika! Siku ya kuulizwa, saini ni ya mwenye ritani, na deni pamoja na adhabu ni vyake. Mkimbieni mtu huyo.

HESABU AMBAYO MUUZAJI HAKUITAJA

Miaka ile mitatu wauzaji walipita wakisema, "Serikali itakulipa dola 2,000." Tuwapigie hesabu ya kweli. Tuseme hita pamoja na fundi ni dola 4,000, na kampuni ya umeme imetoa punguzo la 500. Gharama inayohesabiwa ni 3,500, na asilimia 30 yake ni dola 1,050. Zile 2,000 ni kikomo, si ahadi.

Familia ya kwanza inadaiwa kodi dola 1,900. Inapata 1,050 yote, na kodi inabaki 850. Familia ya pili inadaiwa kodi dola 400. Inapata 400, na zile 650 zilizobaki zinapotea, kwa sababu nafuu hii haipelekwi mwaka unaofuata. Familia ya tatu, yenye watoto wengi na mshahara mmoja mdogo, haidaiwi kodi. Haipati hata senti. Hita ni ile ile, fundi ni yule yule, baridi ni ile ile.

Na mpangaji? Yeye analipa bili ya umeme kila mwezi, lakini hita inachaguliwa na mwenye nyumba, ambaye hailipi bili hiyo na wala hana nafuu ya kumshawishi abadilishe. Basi mpangaji anabaki na hita kongwe inayokula umeme. Hii ndiyo kasoro kubwa ya sheria ile, na tunaisema wazi. Waliohitaji zaidi kupunguziwa bili ndio waliowekwa mbali zaidi na msaada. Kuifunga kabisa hakukuirekebisha kasoro hiyo, kumewaondolea tu na wale wachache wa kati waliokuwa wanaanza kufaidika.

Hata hivyo, sheria ile ile ya 2022 ilitenga pia fedha za punguzo la moja kwa moja kwa familia za kipato cha chini na cha kati, hadi dola 1,750 kwa hita ya pampu ya joto. Punguzo hili si nafuu ya kodi, kwa hiyo hata asiyedaiwa kodi anaweza kustahiki. Linasimamiwa na kila jimbo kwa utaratibu wake, na si kila jimbo lina mpango huo. Familia yenye kipato kidogo iulize ofisi ya nishati ya jimbo lake kabla ya kununua, si baada, na isikubali jibu la muuzaji peke yake.

TUFANYE NINI?

Kila familia iliyofunga hita tangu Januari 2023 itafute risiti zake wiki hii. Itazame mwaka wa kufungwa, aina ya hita, na mstari wa kodi katika ritani ya mwaka huo. Kama haki ipo, idaiwe. Kama haipo, iachwe kwa moyo safi.

Nanyi wanafunzi, mnaoandika insha za Kiingereza za kurasa kumi bila kuchoka, fomu 5695 ina kurasa chache tu. Kaeni na wazazi wenu jioni moja muisome pamoja. Wazee wetu walisimama usiku kucha kazini ili nyinyi mpate elimu hiyo. Ni aibu mzee apoteze dola elfu moja kwa sababu ya karatasi ambayo mwanawe angeisoma kwa nusu saa.

Na wale wenye kutoa nasaha mabarazani, tunawaomba kwa heshima: kabla ya kumwambia mtu "achana nayo", au "jaza tu", mwambieni kwanza alete risiti.

Wabillahi tawfiiq.