Tunasikia haya ya nini?



Wagiriki wa zamani walikuwa na kitenzi aideomai. Maana yake ni kusikia haya, na tena ni kuheshimu. Kwetu Baluba jambo hili si geni. Zamani mwanaume akikutana na mama-mukwe wake njiani, alitoka pembeni akamwachia njia. Alikuwa na kosa gani? Hakuna. Haya yake ilikuwa heshima. Haya ya namna hii inakuja mbele ya kosa na kukushika mukono. Aristote alifundisha kwamba inafaa vijana, kwa sababu inawazuia.

Kuna kitenzi kingine, aischynomai: kuogopa macho ya watu. Kiluba kinasema kufwa bumvu, kama vile haya inaua mutu. Kitenzi hicho kiko katika Luka 16, katika mfano wa wakili mudanganyifu. Anapofukuzwa kazi anasema moyoni kwamba kulima hawezi, na kuomba-omba anasikia haya. Halafu anafanya nini? Anaita wenye deni, anawaandikisha vipimo 50 vya mafuta pahali pa 100, na 80 vya ngano pahali pa 100. Kuomba ni haya, kuandika uongo si haya!

Mutu atasema: lakini bwana wake alimusifu. Ndiyo, alimusifu kwa akili yake. Uongo ulibaki uongo.

Ndugu, huyu wakili si ndiyo sisi? Mwalimu anauliza, "Mumesikia?" Wote: "Ndiyo, mwalimu!" Kumbe hata nusu hawakusikia. Juu ya nini hatuulizi? Tunaogopa Kifransa chetu kitachekwa. Lakini siku ya enterogasio karatasi inatoka ndani ya soksi, na hapo haya imekwenda wapi? Sisi wa mwaka wa mwisho tunangojea Egzetat, na kisha kazi. Muganga aliyekopia masomo yake atapima mugonjwa na nini?

Ninaomba kitu kimoja. Mwenzako akiinua mukono, hapana kucheka. Anayeuliza vibaya anajifunza. Anayemucheka anafunga midomo ya wengine kumi. Na ninyi walimu, tunawaomba mutujibu bila hasira, hata tukiuliza mara ya tatu.

Haya ni kitu kizuri, tusiitupe. Tuirudishe tu pahali pake.

Kiongozi wa wanafunzi,
mwaka wa mwisho, Kamina