Kuchagua Maswali ya Mazoezi: Funzo kutoka Mtihani wa Leseni ya Udaktari

Katika nchi kadhaa, mwanafunzi wa udaktari anapokaribia mwisho wa masomo yake hukuta kwamba shahada ya chuo peke yake haimtoshi. Hapana budi afaulu mtihani mwingine, unaotungwa na chombo kilicho nje ya chuo chake, kabla hajaruhusiwa kumtibu mgonjwa kwa dhamana yake mwenyewe. Huo ndio mtihani wa leseni. Pembeni mwake imestawi biashara kubwa ya mikusanyo ya maswali ya mazoezi, au benki za maswali kama ziitwavyo, na watahiniwa huulizana wao kwa wao: tununue ipi?

Swali hilo laonekana kuwa dogo, la sokoni tu. Kwa maoni yangu ni swali la kisayansi, tena lenye kugusa uhai wa watu. Nashikilia kwamba benki ya maswali isipimwe kwa wingi wa maswali yake, wala kwa jinsi inavyofanana na mtihani wenyewe, bali kwa yale inayomfanyia mwanafunzi baada ya kukosea. Walimu na wanafunzi wa sekondari nao wamo katika jambo hili, kwa kuwa tabia ya kusoma anayoingia nayo daktari wodini huanza kujengwa tangu kidato cha kwanza.

Mfano wa Marekani

Tuchukue mfano wa Marekani, ambako biashara hii imekomaa. Mwaka 1915 iliundwa huko Bodi ya Taifa ya Watahini wa Udaktari, ijulikanayo kwa herufi NBME. Kwa miaka mingi watahiniwa wake waliandika insha. Katika miaka ya 1950 bodi ikageukia maswali ya kuchagua jibu, ambayo huweza kusahihishwa kwa mashine na kwa kipimo kimoja kwa wote. Mwaka 1992 ukaanza mtihani uitwao USMLE, unaosimamiwa na bodi hiyo pamoja na Shirikisho la Mabaraza ya Udaktari ya Majimbo. Una hatua tatu. Hatua ya kwanza hupima sayansi za msingi, kama vile fiziolojia, patholojia na elimu ya dawa, kwa maswali yasiyozidi 280 yanayojibiwa katika siku moja. Tangu tarehe 26 Januari 2022 matokeo ya hatua hiyo hutolewa kwa neno moja tu, kufaulu au kushindwa, ilhali hapo awali yalitolewa kwa alama za tarakimu tatu. Mhitimu wa chuo cha Afrika Mashariki anayetaka kufanya mafunzo ya ubingwa nchini humo hupitia mlango huo huo.

Kampuni kama UWorld ya Marekani na AMBOSS iliyoanzia Ujerumani huuza maelfu ya maswali ya mazoezi kwa ajili ya mtihani huu, na bodi yenyewe huuza majaribio ya kujipima. Kwa miezi michache tu ya matumizi gharama yaweza kufikia mamia ya dola, fedha ambazo kwa kijana wa kwetu si haba. Basi yafaa ajue ananunua nini.

Kwa nini maswali hufunza

Wapo walimu wanaoyabeza maswali ya mazoezi, wakidai kuwa ni njia ya mkato ya mvivu. Ushahidi wa kisayansi hauwaungi mkono. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis walitoa matokeo ya jaribio lililo rahisi kueleweka. Wanafunzi walisoma kifungu cha habari. Kisha baadhi yao wakakisoma tena, na wengine wakaulizwa waandike wanayoyakumbuka bila kutazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara mbili waliongoza kwa asilimia 81 dhidi ya 75. Lakini walipopimwa baada ya juma moja, mambo yaligeuka: waliokuwa wameulizwa walikumbuka asilimia 56, na waliosoma mara mbili asilimia 42. Mwaka 2009 Roediger na wenzake walionyesha jambo lilo hilo kwa madaktari waliokuwa katika mafunzo ya ubingwa. Miezi sita baadaye, wale waliopewa maswali mara kwa mara pamoja na masahihisho waliwashinda wenzao waliorudia kusoma.

Maana yake ni kwamba tendo la kulitafuta jambo katika kumbukumbu hulikaza jambo lenyewe. Mwanafunzi anayepitia daftari lake mara ya tatu huona maneno yote ni ya kawaida kwake, akadhani anayajua. Kumbe kuyatambua si kuyajua. Kwa hiyo mjadala usiwe kama maswali ya mazoezi yatumiwe au yasitumiwe. Yatumiwe. Linalobaki ni yapi, na kwa namna gani.

Mtihani ni sampuli

Hapa yafaa tukumbuke kanuni moja ya sayansi. Elimu ya udaktari ni pana mno, wala hakuna mtihani uwezao kuuliza yote. Mtahini huchota sehemu ndogo, kama vile mkaguzi wa maji anavyochota chupa moja kisimani. Akiyakuta maji ya chupa ni safi, huamini kwamba na kisima ni safi. Imani hiyo ina msingi mradi tu mwenye kisima hakujua ni maji gani yatakayochotwa. Iwapo alijua, akayachemsha yale ya chupa peke yake, chupa itakuwa safi na wanywaji wataendelea kuugua.

Ndivyo ilivyo kwa mtihani ambao maswali yake yamevuja. Mwezi Januari 2024 wasimamizi wa USMLE walitangaza kubatilisha matokeo ya baadhi ya watahiniwa wenye uhusiano na nchi ya Nepal, kwa kuwa uchunguzi wa mwenendo wa alama uliwafanya waamini kwamba watahiniwa hao walikuwa wameyaona maswali ya mtihani kabla. Msukosuko wake ulifika mahakamani. Tujifunze kwamba muuzaji anayejisifu kuwa maswali yake ndiyo yatakayotoka hauzi elimu. Ama anadanganya, ama anauza mali ya wizi. Na katika hali zote mbili mnunuzi hupata hasara.

Jibu na sababu yake

Baada ya kuiweka kando benki ya aina hiyo, tuzitazame zile za halali. Tuseme swali ni hili: kijana wa kiume wa miaka 19 anapewa dawa ya primakwini ili kuviondoa vimelea vya malaria aina ya vivax vilivyojificha katika ini. Baada ya siku tatu macho yake yanakuwa ya manjano, mkojo wake mweusi, na damu inapungua. Chanzo ni nini?

Benki hafifu itajibu kwamba jibu ni C, upungufu wa kimeng'enya G6PD, kisha itakupeleka swali lifuatalo. Benki nzuri itakuzuia kidogo. Itakueleza kwamba kimeng'enya hicho husaidia chembe nyekundu ya damu kutengeneza kinga dhidi ya kemikali zenye kuoksidisha; kwamba primakwini huziongeza kemikali hizo; na kwamba chembe isiyo na kinga hupasuka, ikamwaga rangi yake katika mkojo. Itaongeza kwamba jeni yake imo katika kromosomu X, ndiyo sababu wanaume, wenye X moja tu, huathirika zaidi. Itakueleza pia kwa nini jibu la A, selimundu, halifai hapa: ugonjwa huo kwa kawaida hujulikana tangu utotoni, wala primakwini si kichocheo chake cha kawaida. Hatimaye itakuonya juu ya mtego mmoja: kipimo cha kimeng'enya kikifanywa katika siku hizo hizo za kupasuka kwa chembe, chaweza kuonyesha kwamba hakuna kasoro, kwa sababu chembe kongwe zenye upungufu mkubwa zimekwisha kupasuka na zilizobaki ni changa, zenye kimeng'enya kingi zaidi.

Sasa, ndugu msomaji, walinganishe madaktari wawili. Wa kwanza alikariri herufi C. Wa pili alisoma maelezo. Wote wawili watalijibu swali hilo sawasawa mtihanini. Lakini siku atakapoletwa mgonjwa wa kweli, na cheti cha maabara kikasema kimeng'enya kimetimia, wa kwanza ataagiza dawa iendelee, na wa pili ataisimamisha. Tofauti hiyo haionekani katika cheti chochote cha kufaulu.

Mizani ya kuchagulia

Kutokana na hayo napendekeza mizani minne.

Kwanza, fungua maswali kumi na usome maelezo tu. Je, kila jibu lisilo sahihi limeelezwa kwa nini si sahihi? Kama sivyo, iache, hata ikiwa na maswali elfu kumi.

Pili, uliza ni nani huyatunga maswali hayo na huyapitia lini. Udaktari hubadilika. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti juu ya watoto 5,425 waliolazwa kwa malaria kali katika nchi tisa za Afrika, zikiwamo Tanzania, Kenya na Uganda. Kati ya waliotibiwa kwa artesunati walikufa asilimia 8.5, na kati ya waliotibiwa kwa kwinini asilimia 10.9. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likapendekeza artesunati kwa watoto hao. Benki ambayo bado inaihesabu kwinini kuwa jibu bora humfundisha mtahiniwa kosa ambalo gharama yake hulipwa kwa maisha ya watoto.

Tatu, usiziamini mno alama inazokupa. Katika maswali 40 yenye majibu matano kila moja, mtu asiyejua lolote atapata kama 8 kwa bahati tu. Kama mtungaji ni mzembe, na majibu matatu katika kila swali yanaonekana waziwazi kuwa ni upuuzi, mtu huyo huyo atapata kama 20. Aidha, anayerudia maswali yale yale hupanda alama kwa kuwa anayakumbuka maswali, si kwa kuwa elimu yake imeongezeka. Alama za namna hiyo ni kama kipimajoto kilichofumbatwa kiganjani: joto linalosomeka ni la mkono wako mwenyewe. Ni afadhali ujipime kwa jaribio ambalo hujapata kuliona, la muda ule ule wa mtihani, lenye mada zilizochanganywa.

Nne, chagua moja uimalize. Anayeanza benki tatu na kuziacha zote katikati ameyaona maswali mengi na kusahihisha makosa machache. Kila kosa liandikwe daftarini pamoja na sababu yake, si herufi ya jibu, kisha lirudiwe baada ya siku chache, na tena baada ya majuma machache.

Najua pingamizi litakalotolewa. Mtahiniwa atasema: mimi nina miezi mitatu, karo imekwisha, wazazi wanangoja, nipeni njia ya kufaulu kwanza, ufahamu utafuata. Hoja hiyo ina uzito, nami simlaumu anayeitoa. Kufaulu ni haki yake, na mtihani asioufaulu hautamfikisha kwa mgonjwa yeyote. Lakini njia ya maelezo haipingani na kufaulu. Mtihani halali huleta maswali mapya, na mwenye kuijua sababu ndiye awezaye kulijibu swali asilopata kuliona. Mwenye kukariri herufi hutegemea bahati ya kuulizwa lile lile.

Darasani kwetu

Mambo haya hayakuanza vyuoni. Nchini Tanzania, ambako Baraza la Mitihani liliundwa mwaka 1973, karatasi za mitihani iliyopita zimekuwa chombo cha kila darasa la mtihani, na vijitabu vya maswali na majibu huuzwa kila mji. Karatasi hizo ni hazina njema zikitumiwa vizuri. Hata hivyo, shule nyingi huzitumia kama uaguzi: wanafunzi hukesha wakibashiri ni swali gani la mwaka fulani litakalorudi. Kijana aliyezoea uaguzi huo kidato cha nne hataacha kuutafuta atakapofika chuo cha udaktari.

Mwalimu anaweza kuligeuza jambo hili bila senti moja. Awape wanafunzi wake, wawili wawili, swali moja la biolojia la mwaka uliopita. Kazi yao isiwe kutoa jibu tu, bali waandike aya moja kueleza kwa nini jibu ni hilo, na sentensi moja moja kueleza kwa nini majibu mengine yameshindwa. Kisha watunge swali la pili lenye sababu ile ile na sura nyingine, wabadilishane na wenzao. Darasa la wanafunzi 40 likifanya hivyo kila juma, kwa majuma kumi litakuwa na maswali 200 mapya, kila moja na maelezo yake. Mwalimu ayasahihishe kabla hayajasambazwa, kwa maana maelezo yenye kosa ni mabaya kuliko kukosa maelezo.

Hiyo nayo ni benki ya maswali, tena iliyotungwa na wanafunzi wenyewe. Atakayeizoea, siku atakapokuwa na fedha za kununua nyingine, hatahitaji kumwuliza mtu ni ipi iliyo nzuri.