Uzee wa Betri ya Gari la Umeme na Haki ya Maskini

Magari, mabasi na pikipiki za umeme yanazidi kuonekana katika barabara za Kigali, Nairobi na Mombasa, na wengi wanayapokea kama habari njema kwa mazingira, nyumba ya wote. Kanisa nalo halikubaki nyuma: tarehe 4 Desemba 2024, hayati Baba Mtakatifu Francisko alikabidhiwa mjini Vatikani gari jeupe la Mercedes-Benz linaloendeshwa kwa umeme, kwa ajili ya kukutana na watu wa Mungu. Gari la namna hii halitoi moshi barabarani, na hilo ni jambo la kumshukuru Mwenyezi Mungu, hasa kwa watoto wanaoishi kando ya barabara kuu. Hata hivyo, kila gari la umeme hubeba betri, na kila betri huzeeka. Ikishachoka, itakuwa mikononi mwa nani, na nani atagharimia mwisho wake? Mafundi peke yao hawawezi kulijibu swali hili, kwa sababu linagusa haki, utu na heshima ya binadamu.

Betri ya gari la umeme haifi ghafla. Hupungua nguvu kidogo kidogo, kwa wastani wa takriban asilimia 2 kila mwaka, ingawa joto kali na kuchaji kwa kasi mara kwa mara huharakisha uzee huo. Watengenezaji wengi hutoa dhamana ya miaka 8 au kilomita 160,000, wakiahidi kwamba katika muda huo betri haitashuka chini ya asilimia 70 ya uwezo wake wa awali. Ikifika hapo, gari huanza kwenda mwendo mfupi kwa chaji moja na mwenye nalo hutafuta jingine, wakati betri yenyewe bado ina miaka ya kutumika.

Hapa ndipo jambo linapotuhusu moja kwa moja. Sheria za Kenya haziruhusu kuingiza nchini gari lililotumika kwa zaidi ya miaka 8, na magari mengi yaliyotumika yanayoteremshwa katika Bandari ya Mombasa hutoka Japani. Tazama jinsi hesabu hizi mbili zinavyokutana: gari la umeme linaweza kufika kwetu kihalali wakati ule ule ambapo dhamana ya betri yake inakaribia kwisha. Nissan Leaf, ambayo ilianza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2010, ni mfano wa wazi. Magari hayo ya mwanzo hayakuwekewa mfumo wa maji wa kupoza betri, kwa hiyo joto la pwani huyaathiri zaidi kuliko baridi ya nchi yalikotoka. Mtu mmoja amefaidi ujana wa betri, na uzee wake umeachiwa jirani aliye maskini zaidi.

Mataifa ya Afrika yaliona mapema hatari ya kugeuzwa jalala. Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991 unapiga marufuku kuingiza taka zenye sumu barani. Lakini gari linalotembea si taka. Hupita bandarini kihalali, hulipiwa ushuru, na hugeuka kuwa taka likiwa tayari mikononi mwetu. Katika Waraka wake wa Kitume, Laudato si', wa mwaka 2015, Baba Mtakatifu Francisko alizungumzia deni la kiikolojia lililopo kati ya nchi tajiri na nchi maskini, akiitaja pia tabia ya kupeleka taka na sumu katika nchi zinazoendelea. Betri iliyochoka inaweza kuwa sura mpya ya deni hilo, isiyoonekana kwa urahisi kwa kuwa imefichwa chini ya sakafu ya gari zuri.

Waamini wa pwani hawahitaji kufundishwa kwa nadharia maana ya betri kushughulikiwa bila kujali uhai wa watu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri za kawaida za magari, zile zenye madini ya risasi, kilifanya kazi kuanzia mwaka 2007 hadi 2014 katikati ya makazi ya watu. Sumu iliingia hewani, majini na katika damu ya watoto. Mama mmoja aliyewahi kufanya kazi hapo, Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mwenyewe alidhurika, aliongoza wakazi katika mapambano ya kudai haki. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Baada ya rufaa kuitengua, Mahakama ya Juu iliirejesha mwezi Desemba 2024. Betri za lithiamu zinazotumika katika magari ya umeme si sawa na zile za risasi, na hatari zake ni za aina nyingine. Ila fundisho ni lile lile: bila usimamizi, kazi njema ya urejelezaji yaweza kugeuka kuwa mauti kwa wanyonge, na haki yao hufika ikiwa imechelewa mno.

Njia njema zipo. Ya kwanza ni kuitumia betri tena kwa kazi nyepesi kuliko kuvuta gari. Betri ya Nissan Leaf ya mwanzo ilihifadhi uniti 24 za umeme. Ikibaki na asilimia 70, bado inahifadhi karibu uniti 17, kiasi ambacho, kikijazwa mchana kwa umeme wa jua, kinaweza kuwasha taa na kuendesha jokofu la dawa la zahanati ndogo usiku kucha na kubakiza akiba. Huko Amsterdam, uwanja wa michezo wa Johan Cruijff umekuwa na hifadhi ya umeme tangu mwaka 2018, yenye uwezo unaolingana na betri 148 za Nissan Leaf, na baadhi yake zimetoka katika magari yaliyotumika. Kazi hii hata hivyo yahitaji ujuzi. Betri kamili ya gari ina uzito wa takriban kilo 300 na nguvu ya volti mia kadhaa, inayoweza kumuua fundi kwa mguso mmoja. Na seli iliyotobolewa huweza kuwaka moto mgumu kuzimika. Kijana wa jua kali anayeifungua kwa bisibisi bila mafunzo anahatarisha uhai wake kwa sababu ya faida ndogo.

Njia ya pili ni urejelezaji, yaani kuyatoa madini yaliyomo ili yatengeneze betri mpya. Viwanda huisaga betri hadi ipatikane unga mweusi, kisha hutumia tindikali kutenganisha kobalti, nikeli na lithiamu. Vingine huiyeyusha kwa moto mkali, na kwa njia hiyo lithiamu nyingi hubaki katika mabaki ya tanuri. Changamoto yake ni ya kiuchumi. Betri nyingi za siku hizi hutengenezwa kwa chuma na fosfeti, bila kobalti wala nikeli. Ni za bei nafuu na hudumu zaidi, lakini ndani yake hamna madini ghali ya kumvutia mrejelezaji. Tukiliachia soko peke yake, litakusanya kile chenye faida na kuacha kile chenye madhara.

Habari hii inawagusa pia ndugu zetu wa Kongo. Karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia huchimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa katika maeneo ya Kolwezi, ambako wachimbaji wadogo huhatarisha maisha yao mashimoni. Alipozuru Kinshasa mwanzoni mwa mwaka 2023, Baba Mtakatifu Francisko alikemea ukoloni wa kiuchumi unaoinyonya nchi hiyo. Kila gramu ya kobalti inayorejelezwa ni gramu ambayo hailazimiki kutolewa tena ardhini kwa jasho na damu. Lakini ikiwa urejelezaji wote utafanyika mbali, Afrika itakuwa imetoa madini ghafi, ikanunua magari yaliyotumika, kisha ikabaki na mabaki. Haki inadai kwamba ujuzi, viwanda na ajira za kazi hii viwepo pia hapa kwetu.

Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya betri ya mwaka 2023, umewawajibisha watengenezaji kuzipokea betri zilizochoka, na ifikapo mwaka 2031 betri mpya za magari zitapaswa kuwa na angalau asilimia 16 ya kobalti na asilimia 6 ya lithiamu iliyorejelezwa. Kenya nayo, kwa Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, imekubali kanuni kwamba mzalishaji hubeba wajibu hadi mwisho wa uhai wa bidhaa yake. Ugumu uko katika gari lililotumika: aliyelitengeneza yuko mbali, aliyeliingiza ni mfanyabiashara mdogo, na aliyelinunua mwisho ndiye asiye na uwezo. Kwa hiyo inafaa mchango wa kugharimia mwisho wa betri ulipwe bandarini, kabla gari halijaingia barabarani. Mfano mwema uko kwa bodaboda za umeme. Mjini Kigali, kampuni ya Ampersand hubadilishana betri na waendeshaji: dereva huacha iliyoisha na kuchukua iliyojaa, naye hawi mwenye betri kamwe. Mzigo wa uzee wake hubaki kwa aliye na uwezo wa kuubeba.

Nasi waamini tunao wajibu wetu. Anayenunua gari la umeme aulize kwanza hali ya betri yake, kisha aulize itapokelewa wapi ikichoka. Parokia na zahanati zinazofikiria umeme wa jua zitake betri zilizopimwa na mafundi waliohitimu. Vyuo vya ufundi vilivyo chini ya majimbo yetu viingize somo hili katika mafunzo yao, na Tume za Haki na Amani zifuatilie utekelezaji wa sheria kabla ya madhara kutokea. Katika Injili ya Yohane, baada ya umati kushiba, Bwana Yesu aliwaagiza wanafunzi wavikusanye vipande vilivyosalia ili kisipotee chochote, na vikapu 12 vikajaa. Muujiza ulikuwa umekwisha kutendeka, na bado wale waliougawa mkate ndio waliopewa kazi ya kuinama na kuokota. Vivyo hivyo, wanaofaidika kwa kutuuzia magari haya wasiwaachie maskini kazi ya kukusanya mabaki yake.